Michezo kwanza au mahitaji maalumu kwanza? Kwa mwalimu wa Unguja na Pemba anayetaka kufundisha watoto wote kiwanjani

Ukitaka kujua kama skuli ina mwalimu wa michezo anayewajua watoto wenye ulemavu, nenda wakati wa kipindi cha michezo ukatazame nani kakaa na viatu. Wenzake wamevua ndara na makubazi chini ya mwarobaini, wameingia kiwanjani wanapiga kelele. Yeye kabaki. Pengine mguu mmoja haumbebi, pengine haoni vizuri juani, pengine ukimwambia mambo matatu kwa mara moja yanampotea. Mwalimu hakumkaripia. Kamwambia kwa upole, "Wewe kaa hapa utuangalizie viatu." Na mtoto anaviangalia kweli, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mpaka anamaliza msingi.

Mimi nimewahi kuwa mwalimu huyo. Nilianza kazi nikiwa na filimbi, mpira na nguvu za ujana, na mlinzi wangu wa viatu alikuwa mtoto wa kike wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo. Miaka miwili sikuona kosa. Siku nilipoliona nikataka kusoma, na hapo ndipo nilipokutana na swali ambalo walimu vijana wananiletea mpaka leo. Wa mwisho kuja nalo ni binti mmoja wa Konde.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Nataka nifundishe michezo watoto wenye mahitaji maalumu. Sasa nijaze chuo gani?"

Nikamuuliza kama mwenyewe anacheza. Anacheza netiboli tangu yuko darasa la tano, na hata mpira wa miguu hakosi. Nikamuuliza kama amewahi kuzungumza na kiziwi, mazungumzo hasa, si kumuonyesha njia. Akanyamaza. Ushauri niliompa mwishowe ulitoka kwenye kimya kile, lakini kabla ya kuufikia inabidi tuziweke njia zote mezani.

Elimu hii kwetu imekatwa mapande mawili na kila pande lina bandari yake. Kuna vyuo vinavyomfundisha mwalimu kumjua mtoto mwenye ulemavu, na kuna vyuo vinavyomfundisha mwalimu kuujua mwili na mchezo. Mwalimu tunayemtaka anahitaji yote mawili. Hakuna atakayekupa yote kwa fungu moja, kwa hiyo unachochagua hasa ni ujuzi upi uanze nao chuoni na upi uutafute baadaye.

Patandi na Dodoma

Chuo cha Ualimu Patandi kiko Tengeru, Arusha, na nchi nzima kinajulikana kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu. Mwanafunzi huchagua eneo: ulemavu wa kuona, wa kusikia au wa akili. Jirani yake kuna skuli yenye watoto wenye mahitaji maalumu, kwa hiyo hawa watoto hawabaki kuwa picha ya ubaoni. Unawakuta asubuhi njiani, wanakusalimia.

Yale unayoyapata kwenye njia hii ni vigumu kuyaokota mtaani. Lugha ya alama ina sarufi yake, na uso una kazi kama vidole. Asiyefundishwa hudhani ni kuigiza vitu kwa mikono. Nukta nundu nayo inataka subira: ukiandika kwa kibao na kalamu yake unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu msomaji atageuza karatasi na kuzipapasa nukta zilizochomoza upande wa pili. Vidole vinauma wiki ya kwanza. Wiki ya sita unashangaa ulikuwa unalalamika nini.

Lakini zawadi kubwa kwa mtu wa kiwanjani ni kujifunza kulivunja tendo moja vipandevipande. Sisi wanamichezo tukisema "rusha mpira" tunadhani tumesema neno moja. Mtazame mtoto mwenye ulemavu wa akili anavyojaribu, utaona ni maneno saba. Simama ubavu. Tazama unapolenga. Peleka mkono nyuma. Sogeza mguu wa mbele. Leta mkono. Achia. Usimame usianguke. Kila kipande kinafundishwa peke yake, kinasifiwa peke yake, kisha vinaungwa. Nilipojifunza hili nikagundua kwamba hata wale niliowaita wavivu wa darasa langu walikuwa wamekwama kwenye kipande cha tatu tu.

Upande wa hasara ni kwamba michezo yenyewe utaipata kidogo. Utatoka unajua kumtuliza mtoto mwenye usonji lakini hujui kupima uwanja wala kupasha mwili moto kwa mpango. Jengine ni lile la kuchagua eneo moja. Ukisomea viziwi ukarudi Unguja, darasa la elimu mjumuisho litakupokea na viziwi wawili, mmoja mwenye ualbino, mmoja mwenye kifafa, watatu wazito wa kuelewa na arubaini wengine. Kwa anayelenga kiwanja, mimi nasema achague ulemavu wa akili. Ule ufundi wa kuvunja tendo unamfaa kila mtoto, na viziwi wenyewe wapo visiwani, watakufundisha lugha yao ukiwafuata kwa adabu.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinatoa shahada ya elimu yenye mwelekeo wa mahitaji maalumu. Tofauti yake na Patandi ni ile ya shahada na stashahada: utasoma nadharia zaidi, utafanya utafiti, na cheti chako kitakufungulia sekondari na masomo ya juu. Umbali nao haukai kama zamani. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ukipanda boti ya asubuhi Malindi, usiku umeshalala Dodoma. Kwenda Arusha bado ni siku nzima ya basi juu ya boti.

Kisa cha godoro la sufi

Hapa niseme kwa nini naliweka pande hili mbele. Kabla sijasoma, nilikuwa na mwanafunzi mwenye sindromu ya Down, mtoto mchangamfu, viungo laini kama ute. Tulitandika godoro la sufi nyuma ya madarasa, nikawafundisha kupinduka kwa kichwa. Yeye ndiye aliyependa kuliko wote. Kila akisimama anacheka, anarudi kwenye foleni. Shangazi yake alikuja kumchukua, mwanamke wa kazi ya uuguzi, akasimama akatazama, kisha akanivuta pembeni. "Mwalimu, shingo ya huyu imewahi kupigwa picha?"

Sikujua alichokuwa akiuliza. Baadhi ya watu wenye sindromu ya Down wana ulegevu kwenye kiungo cha pingili mbili za juu kabisa za shingo. Uzito ukiilemea shingo ile, au ikikunjwa kwa nguvu, uti wa mgongo unaweza kuumia pasiporudi. Ndiyo maana kwenye Special Olympics, michezo ya wenye ulemavu wa akili, mwanamichezo huyu hukaguliwa kwanza, na mambo ya kupinduka, kupiga mbizi na kupiga mpira kwa kichwa yana tahadhari zake. Mtoto yule hakupata lolote, Alhamdulillahi. Lakini mimi nilikuwa mwanamichezo mzuri mwenye nia njema, na nilikuwa namhatarisha kila Jumatano.

Kifafa na kuogelea, selimundu na kukimbia juani bila maji, ualbino na jua la saa nane kwenye mkondo wa mchana: haya si mambo ya kukisia. Mchezo nilioukosea ningeweza kuurekebisha wiki inayofuata. Shingo haina wiki inayofuata.

Mlimani na Malya

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo hiyo Mlimani, kina shahada ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Kwa kijana wa Unguja ndicho chuo cha karibu zaidi ng'ambo ya maji: boti kama saa mbili, kisha daladala. Utasoma mifupa na misuli, moyo unavyofanya kazi mtu anapokimbia, mtoto anavyojifunza mwendo mpya, riadha, michezo ya mpira, huduma ya kwanza na kuendesha mashindano. Kwa wanaotaka stashahada, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilaya ya Kwimba, mkoa wa Mwanza. Malya ni mbali na sisi, na kinawafaa zaidi wanaotaka ukocha na uongozi wa michezo kuliko darasa.

Mwenzangu wa Wete alipita Mlimani. Nimefanya kazi naye miaka, na ana jicho ambalo mimi sina. Yule binti yangu mlinzi wa viatu, mimi nilikuwa nikimuona anaburuza mguu. Yeye alimtazama akitembea hatua kumi akaniambia: "Tatizo haliko mguuni. Kisigino hakigusi chini kwa sababu msuli wa nyuma umekaza, na nyonga inafidia." Akamfanyisha kunyoosha msuli kila siku, akampa baskeli ya magurudumu matatu badala ya kukimbia, na akaongea na mama yake kuhusu mtu wa viungo hospitali. Mimi na elimu yangu maalumu nisingeliona lile.

Lakini siku yake ya kwanza na darasa la viziwi alipiga filimbi. Wakaendelea kukimbia. Akapiga tena kwa nguvu, akakasirika, akadhani wanamdharau, na alipofahamu aliketi chini akashika kichwa. Siku ya pili alikuja na bendera nyekundu, na sheria moja: bendera juu, kila mtu anasimama na kumgusa jirani yake bega ili habari ifike kwa aliyegeuka. Alifika mwenyewe kwenye jibu, ila ilimchukua siku nyingi kufika kwenye majibu mengine ya namna hiyo, na watoto ndio waliosubiri.

Ukifika Mlimani, muulize mshauri wako wa masomo mambo mawili. Somo la michezo kwa wenye ulemavu ni la lazima au la hiari? Na ndani yake mtakwenda kwa watoto, au mtalimaliza ndani ya ukumbi? Kama ni la hiari, lichukue hata kama ratiba inabana. Mazoezi ya kufundisha yakifika, omba upelekwe skuli yenye kitengo cha watoto hao. Usingoje kupangiwa.

Jambo jengine ni kazi utakayoikuta ukirudi. Kwenye skuli nilizofanyia kazi, kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kuliwa mtihani ukikaribia. Mwenye karatasi ya michezo peke yake anajikuta anafundisha somo jengine siku nne na kushika mpira siku moja. Mwenye karatasi ya elimu maalumu anakabidhiwa watoto wenyewe kila siku, na akitaka kuwatoa kiwanjani hakuna wa kumzuia. Kwa anayelenga sekondari, ukufunzi wa chuo au kazi za wizara, shahada ya michezo ina nguvu zaidi. Hilo nalo ni kweli, na wenye ndoto hiyo wasinisikilize sana kwenye mengine.

Kubaki visiwani

Si kila mtu anaweza kuondoka. Kuna wenye watoto wadogo, kuna wanaotunza wazee, kuna binti ambaye kwao hawajakubali alale Bara peke yake. Kwa hawa, ualimu upo nyumbani. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kina kampasi ya Nkrumah pale Beit-el-Ras na nyengine Mchanga Mdogo kwa ndugu zetu wa Pemba. Chuo Kikuu cha Sumait kiko Chukwani. Utatoka mwalimu kamili wa masomo yako, kisha unajenga ujuzi huu juu yake, kidogo kidogo.

Njia hii inadharauliwa, nami nadhani inadharauliwa kwa makosa. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ina kitengo cha elimu mjumuisho, na Vituo vya Walimu ndipo mafunzo kazini yanapofanyika. Jumuiya nazo zipo: UWZ ya watu wenye ulemavu wote, ZANAB ya wasioona, CHAVIZA ya viziwi, ZAPDD ya wenye ulemavu wa akili. Nenda ukajitolee. Kiziwi mtu mzima aliyekulia Kikwajuni atakufundisha alama za mjini petu ambazo hazimo kwenye kamusi. Special Olympics wana mafunzo ya makocha kwenye intaneti bila malipo, pamoja na programu ya watoto wa miaka 2 hadi 7, na nyengine ya wale wenye ulemavu mzito ambao hawawezi kushindana.

Na vifaa? Hapa ndipo visiwa vyetu vinapowashinda wengi. Goliboli ya wasioona ilibuniwa mwaka 1946 kwa wanajeshi waliopofuka vitani. Uwanja wake ni mita 18 kwa 9, wachezaji 3 kila upande, wote wamefungwa macho, na mpira una kengele ndani. Mpira wenyewe wa dukani una uzito wa kilo 1.25 na bei yake haishikiki. Sisi tulichukua mpira wa kawaida, tukaufunga ndani ya kipande cha polo la mchele pamoja na njuga za ngoma, tukaushona. Mistari ya uwanja lazima mchezaji aihisi kwa mguu. Ng'ambo huko huweka uzi chini ya tepu. Tulitumia kamba za usumba, tukazitandika kwenye mchanga na kuzibana kwa vigingi vifupi. Mtoto asiyeona akifika kwenye kamba anajua yuko wapi kuliko mimi ninayeona. Ukimya unatakiwa mchezo ukiendelea, na utashangaa skuli ya watoto mia saba inavyonyamaza ikisikiliza njuga.

Voliboli ya kukaa inataka wavu wa mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake, uwanja wa mita 10 kwa 6. Nyavu chakavu ya jarife na vijiti viwili vinatosha, na mchanga wa pwani ni bora kuliko saruji yoyote. Boksia, mchezo wa kurusha mipira ikae karibu na mmoja wa kulengwa, ina mipira 13, myekundu 6, mibuluu 6, na mmoja mweupe wa kulengwa. Shona ya kitambaa, jaza mchanga. Mtoto asiyeweza kurusha mpasulie bomba la plastiki liwe mfereji, alielekeze mwenyewe kwa ishara ya jicho au kidevu, msaidizi aushike tu na asitazame uwanjani. Hapo nataka nikaze: msaidizi augeuzie uwanja mgongo. Akitazama atamlengea, na mchezo utakuwa wake.

Yule binti mlinzi wa viatu alichezea mfereji kama huo. Mara ya kwanza alichukua muda mrefu kuliko kipindi kizima kuchagua pembe, na hakuna aliyemharakisha.

Upungufu wa kubaki ni karatasi. Utajua mengi na huna cheti cha kuyathibitisha, na nafasi ikitangazwa anapewa mwenye cheti. Weka daftari: tarehe, saa, watoto wangapi, ulifundisha nini, nani alikuona. Mwalimu mkuu atie sahihi kila mwezi.

Niongeze la wanawake, kwa sababu linaamua mengi kwetu. Wasichana wakubwa wenye ulemavu wanazuiwa mara mbili, mara moja kwa ulemavu na mara nyengine kwa stara. Wazazi wengi walionikatalia walikubali walipojua mwalimu ni mwanamke, uwanja una ukuta, na mtandio utabanwa vizuri badala ya kuvuliwa. Kwa hiyo binti anayesita kusomea michezo ajue kwamba visiwa hivi vinamhitaji kuliko vinavyowahitaji kaka zake.

Nje ya nchi, kwa haraka

Kenya kuna KISE, taasisi ya elimu maalumu ya Kasarani, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1986. Uganda kuna Chuo Kikuu cha Kyambogo, Kampala, chenye jina kubwa kwenye elimu maalumu. Ni vyuo vizuri, lakini lugha ya alama ya Kenya na ya Uganda si ya Tanzania, na utakaporudi utaanza kusahau ili ujifunze upya. Asiyesomea viziwi hili halimgusi.

Ulaya kuna shahada ya uzamili ya kimataifa ya michezo kwa wenye ulemavu pale KU Leuven, Ubelgiji. Hapo mapande yote mawili yanakutana. Lakini ni uzamili: unataka shahada ya kwanza, Kiingereza kizuri na ufadhili. Iweke akilini kwa miaka ya mbele, isikucheleweshe kuanza.

Saa ngapi na watoto?

Chochote utakachochagua, kipime kwa saa. Marekani, ambako tangu sheria ya mwaka 1975 elimu ya viungo imetajwa waziwazi kuwa sehemu ya elimu maalumu, mwalimu anayetaka cheti cha taifa cha kazi hii hana budi kuonyesha saa 200 za kufundisha watoto wenye ulemavu michezo kabla ya kukaa mtihani. Chukua namba hiyo uende nayo kila chuo. Uliza: katika miaka yenu, nitakuwa saa ngapi na mtoto mwenye ulemavu mbele yangu, akiwa anacheza, si amekaa dawatini?

Ukijibiwa thelathini, si lazima ukikatae chuo. Ujue tu kwamba mia na sabini zilizobaki utazitafuta mwenyewe. Kipindi kimoja cha saa moja na nusu kila Jumamosi kitakupa saa 70 na kitu kwa mwaka. Miaka miwili na nusu umeshafika. Niliyahesabu haya kwa binti wa Konde kwenye nyuma ya bahasha, naye akaikunja akaitia mkobani.

Na mwalimu mkuu akikwambia kiwanja ni cha wazima, mkumbushe kwa heshima kwamba Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara yake ya 30 inataja haki ya watoto wenye ulemavu kushiriki michezo sawa na wenzao, pamoja na michezo ndani ya mfumo wa skuli. Mimi hubeba nakala. Wengi husoma mara moja, kisha wanauliza tunahitaji nini.

Nilichomwambia binti wa Konde

Nilimwambia ajaze elimu maalumu kwanza. Mwili wake unajua mchezo tayari, na mchezo utamkuta popote: kwenye timu yake, kwenye mafunzo mafupi ya vyama, kwenye bonanza la Siku ya Mazoezi kila Januari 1. Asichokijua hakikai uwanja wa Gombani kikimsubiri. Ikiwa alama zake zinamfikisha shahada, Dodoma. Ikiwa si hivyo, stashahada ya Patandi, eneo la ulemavu wa akili. Kwa shahada, atazame mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka husika, na aende Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar kabla ya kujaza fomu.

Angekuwa ni kijana aliyekulia na kaka kiziwi nyumbani, anayezungumza kwa mikono tangu utotoni lakini hajui kupasha mwili moto, ningemwambia kinyume chake: Mlimani, na asiangalie nyuma.

Kisha nikampa kazi moja ya kufanya kabla ya kujaza chochote. Atafute skuli ya karibu yenye watoto hawa, aombe ruhusa, akae nao Jumamosi nne. Asifundishe. Awatazame wanavyocheza wenyewe wakiachwa, maana mtoto anayeachwa na viatu huwa ana mchezo wake wa siri pale chini ya mti, na mchezo huo ndio mlango wa kuanzia. Yule binti yangu alikuwa akivipanga viatu kwa ukubwa na kuvirushia vijiwe kutoka mbali. Miaka miwili alikuwa akicheza boksia mbele ya macho yangu.

Juzi nimepata ujumbe wa sauti kutoka Konde. Jumamosi ya tatu imekwisha, kuna mtoto asiyeona anayejua wachezaji wote kwa vishindo vya miguu yao. Anauliza njuga zinauzwa wapi Chake.